Udongo wa Manyani

Nilitoka Molo alfajiri, nikabadilisha gari Nakuru na tena Nairobi, nikateremka Voi vumbi limenijaa masikioni. Mama ndiye aliyenituma. "Wewe unayezurura kila mwaka, zurura basi upande huo, uniletee baba."

Babake alikamatwa na wazungu wakati wa Hali ya Hatari, akafungiwa katika kambi ya Manyani, karibu na Voi, hakurudi. Mama hakumbuki hata sauti yake. Sasa anaugua, na hataki kufa kabla hajamzika, hata kama ni udongo tu wa mahali alipofia.

Nilidhani ni kazi ya siku chache. Nilikaa karibu mwaka, nikikata mkonge shambani, na Jumapili nikienda kuulizauliza. Bibi mmoja wa Chawia, ambaye marehemu mumewe alipeleka mboga kambini, aliniambia wengi waliuawa na homa ya matumbo.

"Waliwazika pamoja, mwanangu. Sasa nani atakuonyesha wako ni yupi?"

Wenzangu wa mkonge waliniita Bwana Makaburi, kisha wakachoka hata kunitania. Jioni nilikula peke yangu, mlango wazi, nikisikiliza treni ya mizigo ikipita.

Jumapili moja nikakata shauri. Nikachota udongo kando ya ua wa waya, pale ilipokuwa kambi na sasa ni gereza. Askari wa zamu akanijia mbio.

"Fungua mfuko! Umepata mawe ya kijani, eh?"

Huku watu huchimba vito, na anayebeba udongo hafikiriwi kitu kingine.

"Ni wa kumzika babu," nikasema.

"Babu wa gramu ngapi?" Akacheka, akaupekua wote kwa vidole. Alipokosa jiwe, akanitazama upya. "Alikuwa mfungwa wa hapa?"

"Ndiyo."

"Basi huu si wake, mzee. Huu ni wa barabara, uliletwa na lori."

Akaumwaga. Akaingia ndani na mfuko wangu, akakawia hata nikadhani amenisahau. Aliporudi, ulikuwa na udongo mwekundu hadi nusu.

"Nenda. Hukuniona."

Nikampigia mama simu. Akasema, "Usilale naye njiani. Mje moja kwa moja."

Niliondoka Voi siku iliyofuata, na sijarudi tena. Basi liliposimama Mtito Andei, abiria wote walishuka kula. Mimi nilibaki kitini, mfuko mapajani.