Mkono Ndani ya Kikapu

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kuwa mchuuzi wa vikapu. Walimu wenzangu pale Migori wakiniuliza yale mabunda yaliyofungwa kwa gunia chini ya meza yangu ni ya nini, nilisema ni ya mama, mimi namsaidia tu. Mtu mwenye digrii ya uchumi hachuuzi, anashauri. Leo nakubali: nilikuwa mchuuzi, tena mchuuzi hafifu.

Mnunuzi wetu alikuwa mwanamke Mwingereza aliyewahi kufundisha nasi kwa kujitolea. Aliporudi kwao, mwishoni mwa miaka ya tisini, alifungua duka lisilo na mlango wala rafu, duka la kwenye mtandao. Watu waliona picha ya kikapu kwenye kompyuta, wakaandika nambari ya kadi yao ya benki, na kikapu kikawafikia kwa posta. Alinieleza haya kwa barua, nami nikamweleza mama, aliyeishi kando ya ziwa, upande wa Homa Bay. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama watu hao hawaogopi kununua kitu ambacho hawajakishika.

Lakini alikubali. Aliwakusanya kina mama wa kanisa lake la Sabato, wakakata mafunjo, wakayaanika, wakasuka. Bei ilitajwa mbele ya wote, na mama akatoa neno lake. Hilo liliwatosha, maana wamezoea bei isiyo na siri: tangu zamani kule kwetu kikapu hubadilishwa kwa mtama wa kukijaza. Ukikitaka unakijaza, unammwagia mwenyewe nafaka yake, unaondoka nacho. Hakuna anayesimama katikati akichota konzi.

Vikapu vilipomfikia yule Mwingereza, hundi yake ilifika Migori. Niliipeleka benki nikiwa nimevaa viatu vyangu vya harusini. Benki ikaituma Nairobi, Nairobi wakaituma Uingereza, na baada ya "rudi wiki ijayo, madam" nyingi, pesa ikaingia ikiwa imekonda. Ada ya kupokea hundi. Ada ya kuituma. Ada ya benki ya huko ng'ambo, ambayo hakuna aliyeweza kuniambia ni ya kazi gani. Kilichosalia wakakigeuza shilingi kwa kiwango walichojipangia wenyewe.

Nilimpelekea mama kilichobaki, akakigawa. Sabato iliyofuata kina mama walimnyamazia. Siku hiyo mambo ya pesa hayazungumzwi, kwa hivyo walimpa mkono bila kumtazama, wakaimba, wakasubiri. Jua lilipozama na Sabato kuisha, wakamjia nyumbani wote kwa pamoja. Msemaji wao alikuwa jirani yake, mwanamke aliyepika miaka mingi katika hospitali ya wamishonari na kuokota Kiingereza humo. Alimwita mama kwa jina la kwao alikozaliwa, binti wa Suna, kama wake walioolewa wanavyoitana.

"Nyar Suna, ulitaja bei moja, ukatupa nyingine. Ile iliyobaki imelala wapi?"

"Benki imekata."

"Benki imekata! Kwani benki ilisuka?"

"Muulizeni binti yangu."

"Binti yako amesoma. Aliyesoma hukosa la kusema?"

Mama hakulala kwa aibu. Katika kikundi kile alikuwa amekaa miaka yote bila mtu kumwambia amekula. Jumatatu alikuwa Migori, akinitaka nimwonyeshe huyo mkataji. Nikampeleka benki.

"Kijana," alimwambia karani, "ni wewe uliyekata pesa ya vikapu?"

"Ni ada tu, mama. Kila mtu hukatwa."

"Mlifanya kazi gani?"

"Tulituma karatasi."

"Sisi tulisimama ndani ya maji, viboko wakitutazama. Hiyo karatasi yako ina kiboko?"

Karani alicheka. Mama hakucheka. "Basi fungua hiyo droo nione." Aliamini kabisa kwamba pesa yake imo humo, imekunjwa. Mimi nilitazama dari, kama mtu aliyeongozana naye kwa bahati mbaya.

Hasira yangu ilikuja baadaye, barabarani. Chuo kikuu niliwahi kuandika kurasa nzima nikimtetea mtu wa kati: eti hubeba hatari, anastahili ujira. Hatari gani? Nilikuwa nimemuuliza karani ingekuwaje kama hundi ingekataliwa. Alinijibu kwa fahari kwamba hata hapo tungetozwa. Yaani tungelipa ada ya kutolipwa! Na jina lililochafuka kwa hayo yote halikuwa la benki. Lilikuwa la mama yangu.

Nikamwandikia yule Mwingereza apige simu ya shule, nikamtajia siku. Siku hiyo mama alikuja na jirani yake, nami ndimi niliyeomba waje pamoja. Mwalimu mkuu akatuachia ofisi yake.

Simu ililia. Yule Mwingereza aliniapia kwamba alituma bei yote. Kisha akaanza kulalamika yeye: kampuni ya kadi inachukua sehemu ya kila kikapu, na juu yake ada isiyopungua, hata kiwe kile kidogo cha mayai. Alikuwa amepandisha bei ili asifunge duka, na sasa wanunuzi wanamwandikia kwamba ni mlafi.

Sikutafsiri. Nilimpa jirani kipokezi cha simu.

"Wewe ulituma yote?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha jikoni mwa hospitali. Akasikiliza. "Na wewe wanakukata?" Akasikiliza tena. "Na wateja wako wanasema umekula?" Safari hii alisikiliza kwa muda mrefu. "Pole sana, dada."

Akafunika kipokezi kwa kiganja, akamgeukia mama.

"Nyar Suna, huyu naye anatukanwa vile nilivyokutukana. Nisamehe. Nitawaambia wenzetu mwenyewe."

Mama aliketi. Hakuwa ameketi tangu aingie.

Jirani akarudi kwenye simu. "Sikiliza. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe pesa mkononi, nasi tutampa vikapu. Kwa njia ya benki hatusuki tena."

Akakata simu kabla sijapata nafasi ya kusema kwaheri.