Divai Isiyomezwa

Kwa miaka tisa, kila Jumapili asubuhi, watu wa Migori wanaokaa kando ya barabara ya kanisani waliona kitu kile kile. Mbele ilipita bodaboda imembeba Priscilla, mguu wake wa kushoto umenyooka pembeni kwa sababu haukunjiki vizuri. Nyuma, kwa mwendo wa jongoo, ilifuata pikapu nyeupe isiyo na abiria, na ndani yake mumewe, Boaz Werema, amevaa tai. Walikuwa wanakwenda kanisa moja na kukaa benchi moja. Wageni waliuliza. Wenyeji walikuwa wamechoka kueleza.

Maelezo yenyewe ni mafupi. Miaka tisa iliyopita Boaz alitoka kwenye sherehe ya mahari amelewa chakari, akashika usukani, akalipeleka gari mtaroni na mkewe ndani. Yeye hakuchubuka hata kidole. Priscilla alilazwa miezi mitatu. Alipotoka hakumtukana. Alimwambia tu kwamba hatapanda tena gari analoliendesha yeye, na kwamba siku atakayorudi kutoka barabarani na pombe tumboni, yeye atakwenda zake kwa mama yake, huko Ogwedhi. Boaz akaacha pombe siku hiyo hiyo. Akaacha hata maziwa ya mgando, kwa tahadhari. Namheshimu kwa la pombe. La maziwa lilikuwa ujinga.

Sasa katika madereva wote wa Migori, ni mtu huyu ambaye Dolphine alimwajiri, yeye na pikapu yake, kusambaza divai.

Dolphine alikuwa Msabato, mama mwenye kibali kilichobandikwa ukutani na mapipa safi ya divai ya zambarau, yale matunda ambayo Waluo wanayaita jamna. Hakuwahi kuionja hata siku moja. Aliitengeneza kwa kipimo, kipimajoto na maombi, akisema dini yake imemkataza kunywa, haijamkataza kuloweka matunda. Mzee wa kanisa lake alikuwa bado analitafakari jambo hilo.

Shida ilikuwa moja. Huku kwetu hakuna anayepokea kinywaji kwa mtu ambaye hajakionja. Aliyekileta ndiye anayetangulia, mbele ya mwenyeji, ijulikane kwamba hakuleta sumu. Dolphine hangeweza kuonja. Kwenye pikapu alibaki dereva.

Boaz alipoambiwa, alichukua funguo zake aondoke. Dolphine akamwonyesha kwenye simu jinsi waonjaji wa nchi za mbali wanavyofanya: wanajaza kinywa, wanazungusha, wanatema kwenye ndoo, wanaondoka na akili zao. Boaz aliuliza mara tatu kama kuna mahali wanapomeza. Hakuna. Akakubali, lakini kwa masharti yake. Atakula ugali wa kushiba kwanza. Ataonja hoteli tatu tu kwa siku, kwa sababu hata ukitema, kidogo hupenya. Akimaliza atasukutua kwa maji, kisha atakaa nusu saa kabla ya kugusa ufunguo. Galoni la maji likahamia nyuma ya kiti chake.

Siku ya kwanza, Homa Bay, mwenye hoteli alimtazama akijaza kinywa, akizungusha, akitema kwenye ndoo. Akamuuliza, "Kama wewe mwenye kuileta unaitema, mimi niimeze ya nini?" Hawakuuza chupa hata moja. Magunga mambo yakawa yale yale, na huko ndoo yenyewe ilifukuzwa nje.

Dolphine akatoa amri mpya: marufuku kutema mbele ya mteja. Boaz ataijaza divai kinywani, atabasamu, atatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha atatoka kama anayeifuata risiti, na kutema nyuma ya pikapu. Basi akajifunza kutembea na divai mdomoni. Alifanyia mazoezi nyumbani kwa maji, akifagia uwanja na kufunga mbuzi, mashavu yamevimba. Wiki ya pili aliweza kupita stendi nzima ya Homa Bay akisalimia watu kwa nyusi.

Lakini harufu haina adabu. Jioni ile ya kwanza Priscilla alimpokea langoni, akamnusa. Akaingia ndani, akapanga begi, akaliweka mlangoni.

Boaz alijieleza mpaka akakauka koo. Akasema polisi wa kizuizi cha barabarani wamempulizisha alkoblo, kile kipimo cha ulevi, na mashine imeonyesha sifuri. Priscilla akajibu kwamba hao polisi hawajawahi kuvunjwa mguu na yeye. Basi Boaz akaleta jagi la kupimia mafuta na chupa ya divai ili athibitishe mbele ya macho yake. Akapima nusu kikombe sawasawa, akakijaza kinywani, akahesabu mpaka mia, akarudisha yote kwenye jagi. Ilitoka nyingi kuliko iliyoingia.

Priscilla akautazama mstari wa jagi.

"Kwa hivyo imezaa?" akauliza.

Boaz alianza kueleza habari za mate, akaona anazidi kuharibu. Akapewa mpaka mwisho wa mwezi kupata ushahidi wa maana. Begi likabaki mlangoni. Priscilla akihitaji leso aliitoa humo, akiifua aliirudisha humo. Boaz aliliruka begi hilo kila asubuhi akienda kazini, na nasema wazi kwamba aliogopa, aliogopa kuliko siku ile ya mtaroni.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, Boaz na Dolphine wakaenda Ogwedhi, siku ya mnada wa ng'ombe. Pale kulikuwa na hoteli ya Onyancha, mtu asiyemwamini hata mpishi wake. Hakukubali Boaz ajimiminie. Alimmiminia mwenyewe, glasi ya kunywea chai, pomoni. Boaz akaijaza yote kinywani, akatabasamu alivyoweza, akatoka. Pikapu ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya mnada, na Dolphine ndani yake. Zilipobaki hatua ishirini, alikutana ana kwa ana na Mama Mirumbe, mama mzazi wa Priscilla, anavuta fahali mweupe.

Kwa Wakuria kama wao, mama mkwe hukutani naye ovyo. Unampisha njia, huli mbele yake, hutanii. Kutema mbele yake ni aibu isiyooshwa ila kwa kuchinja mbuzi. Na kumeza kulikuwa ni begi kuondoka mlangoni. Boaz alisimama katikati ya hayo mawili na divai ikizidi kupata joto.

Mama Mirumbe aligeuza uso kwa fahali, kama adabu inavyotaka, akaanza salamu. Aliuliza habari za mvua. Aliuliza habari za mguu wa Priscilla. Akalalamika kwamba fahali huyu ameletwa mnadani mara tatu na wanunuzi wanampita kama kisiki. Boaz aliitikia kwa pua. Machozi yakaanza kumtoka. Dolphine, aliyekuwa akitazama saa garini, anaapa zilikuwa dakika kumi na mbili.

Mwishowe mama akachoka kujibiwa kwa pua, akageuka, akamtazama. Aliona mzee wa mvi, mashavu yamejaa, machozi yanatiririka, tone la zambarau pembeni mwa mdomo. Wazee wa kwao hubariki kwa kunyunyiza pombe kutoka kinywani, na mama akaona amefahamu kila kitu.

"Kumbe umekuja kunibarikia ng'ombe," akasema. "Ulikuwa ukingoja nimalize salamu. Haya, mkwe wangu, nimemaliza."

Akamsogeza fahali mbele, akainamisha kichwa.

Boaz alimwaga baraka yote. Fahali akawa zambarau kutoka pembe hadi nundu, akapiga chafya. Wachuuzi wawili wakaja mbio na ndama wao, wakakuta baraka zimekwisha. Mnunuzi mmoja akataja bei nzuri papo hapo, lakini Mama Mirumbe akakataa katakata. Aliyebarikiwa namna ile hauzwi. Akatoa simu kifuani, akaondoka akiongea.

Boaz alisukutua kwa maji nusu galoni, akakaa nusu saa yake. Dolphine alimsihi waondoke. Hakugusa ufunguo.

Alimshusha Dolphine, akafika nyumbani jua bado lipo. Begi halikuwepo mlangoni. Aliita, hakuna jibu. Aliingia chumba hadi chumba, akaangalia jikoni, akaangalia hata zizi la mbuzi. Akakimbilia pikapu amfuate huko huko Ogwedhi.

Priscilla alikuwa amekaa kiti cha mbele, begi mapajani.

"Mama amepiga simu," alisema. "Anasema ulikaa na pombe mdomoni mpaka ukalia, na hukumeza."

"Sikumeza, Mama Joyline."

"Mama anaweza kunidanganya kuhusu watu. Kuhusu ng'ombe hajawahi." Akamshika kidevu, akamnusa. "Unanuka."

"Najua."

"Basi tukae nusu saa nyingine. Halafu unipeleke nikamwone huyo fahali."

Boaz akaweka ufunguo juu ya dashibodi, mahali ambapo mkewe angeuona. Wakakaa bega kwa bega ndani ya gari lililozimwa, kuku wakipita chini yake. Zilipobaki dakika tano, Priscilla akavuta mkanda, akaufunga.