Kupanda Kilima na Mama Mkwe

Mtu mzima anayepanda vilima bila sababu hutafutiwa sababu. Mimi nimetafutiwa nyingi. Kilosa walianza kusema natafuta madini. Nilipoanza kuonekana kwenye magofu, ikawa natafuta mali aliyofukia Mjerumani, na mzee mmoja sokoni akanivuta pembeni kunieleza kwamba mali ya namna hiyo haichimbuki bila kondoo mweusi, na kwamba yeye, kwa bahati nzuri, anaye. Upande wa Mikumi, siku moja nikitembea kando ya barabara ya Kidodi, lori la miwa lilisimama na dereva akaniuliza gari langu limeharibikia wapi. Nikamwambia sina gari, natembea tu. Alinitazama kwa huruma, akanichomolea muwa mmoja, akaondoka taratibu kama mtu anayeacha mgonjwa wodini.

Ukweli ni mdogo na haumridhishi mtu: napenda kufika juu nikaona kulikoni. Nafundisha chuo, Morogoro. Nina kitambi ambacho mke wangu hukiita shahada yangu ya tatu. Jumamosi nikipata nafasi navaa buti, nachukua maji na mihogo ya kuchemsha, natafuta kilima. Sijawahi kugundua kitu chochote chenye manufaa kwa taifa.

Hata hivyo kilima kimoja nilikikwepa kwa miaka, nacho ni kile kilichoko nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu.

Nyumba yake iko nje kidogo ya mji wa Kilosa, palipokuwa kambi ya manamba wa mkonge. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, lakini walipoona mabega yake wakampa kazi ya kuchota maji. Kila siku alipanda kilima na mzega wa madebe mawili hadi kwenye nyumba ya Mgiriki mwenye shamba, iliyokuwa kileleni. Watoto wa kambini walikatazwa kuvuka mkwaju ulioko katikati ya njia. Kwa hiyo jioni baba aliwaletea kilele kwa mdomo: alisema kule juu unaiona treni tangu inapochomoza kwenye kona mpaka inapoingia stesheni, ndogo kama siafu aliyebeba sanduku.

Mama mkwe aliwasimulia watoto wake siafu huyo, kisha wajukuu. Aliyemharibia ni mtani wake. Huyu ni jirani yake, Mkaguru, mjane mwenzake, mwembamba kama ufito, na wametaniana tangu wakiwa wasichana. Kila hadithi ile ilipoanza, yeye alikuwa anaangua kicheko upande wa pili wa ua.

"Wanyamwezi nyie! Mmetoka Tabora kwa miguu mnadanganyana njia nzima. Siafu ana sanduku? Ana nauli?"

Kwa mtani hukasiriki, ndiyo sheria. Lakini likizo iliyopita mjukuu mmoja, ambaye ni mwanangu mimi, aliuliza swali bila utani wowote: "Bibi, wewe uliiona?" Bibi hakuwa ameiona. Mgiriki aliondoka, shamba likafa, yeye akaolewa, akazaa, akalima, na mkwaju ule hakuwahi kuuvuka. Sasa goti lake la kushoto lilikuwa linavimba kila mvua zikikaribia. Wanawe wa kiume wako Dar na humwahidi kila Krismasi kwamba watampeleka.

Ujumbe ulinifikia kupitia kwa mke wangu. "Mama anasema, mwambie baba, siku akipanda kilima chetu, yeye atakuwa nyuma yake. Anataka kuona kama baba yake alisema kweli. Anasema goti halitangoja mwaka mwingine."

Msomaji aliyeoa ameshaelewa shida yangu. Kwa wengine nieleze: katika miaka yote ya ndoa yangu, mimi na mama mkwe hatujawahi kushikana mkono, kula pamoja, wala kuambiana neno ana kwa ana. Nikiingia sebuleni, yeye hukumbuka kitu jikoni. Nikimsikia uani, mimi hukumbuka kitu barabarani. Tunapendana sana kwa mtindo huo. Sasa utampandishaje kilimani mtu usiyeweza kumshika mkono?

"Nenda nasi basi," nilimsihi mke wangu.

"Nina kikao cha harusi Mvumi. Mimi ni mweka hazina."

"Ahirisheni."

"Baba watoto, umepanda vilima vya watu wote. Cha mkweo ndio kikushinde?"

Tulikwenda watatu, kwa sababu mtani alitangaza kwamba haiwezekani Mnyamwezi aende kushuhudia uongo wa baba yake bila shahidi. Niliwasalimia asubuhi nikiwa nimeinama na kutazama viatu vyangu.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," alijibu mtani kwa sauti ya kutosha wote wawili. Mama mkwe aliuambia mti wa mpapai kwamba kumekucha salama.

Ndivyo tulivyosafiri: mimi mbele nikifyeka, mtani katikati akifanya kazi ya simu, mama mkwe nyuma na fimbo yake.

"Mwambie baba kuna upupu hapo kulia."

"We mkwe, upupu! Huyo anajikuna tayari, dada, umechelewa."

"Mwambieni mama pumziko liko karibu."

"Anasema amechoka yeye. Tazama jasho lile. Mmemwoza binti kwa mtungi unaovuja."

Chini kidogo ya mkwaju tulikutana na mfugaji mmoja wa Kimasai, mtu mzima, shuka begani na simu mkononi. Aliwaamkia kina mama kwa heshima, akauliza kama tumeona punda. Ni jike, alisema, ana kovu sikioni, ameondoka tangu jana. Hatukuwa tumemwona. Mtani alimwahidi kwamba tukiona punda yeyote tutamwita, huku akinitazama mimi kwa namna ambayo sikuipenda.

Kwenye mkwaju mama mkwe alisimama. Aligusa gome la mti, akazunguka upande wa pili, akaendelea. Mtani alimwondolea tawi kavu njiani.

Tulifika karibu na kileleni jua likiwa bado la kuvumilika. Nyumba ya Mgiriki haina paa wala milango, imebaki kuta za mawe na sakafu ya saruji, na mtini umeota palipokuwa sebule. Ila mvua za miaka hii zilikuwa zimeondoka na ngazi zake. Palipokuwa na ngazi palibaki ukingo wa udongo na mawe uliofika kifuani mwangu. Nilizunguka kutafuta njia nyingine. Upande mmoja ni korongo, upande wa pili ni miiba ambayo hata mbuzi angeomba ruhusa.

Mtani alishika mzizi na akapanda kama mjusi. Mama mkwe alijaribu. Goti lilikataa. Akajaribu tena akishika fimbo ambayo mtani aliivuta kutoka juu, na kidogo wote wawili waniangukie. Nikapendekeza khanga: mama aikalie, mtani avute ncha moja kutoka juu, mimi ninyanyue nyingine kutoka chini. Khanga ikachanika katikati ya maandishi yake.

Mama mkwe aliketi juu ya jiwe akanipa mgongo. Alikuwa ametembea maisha yake yote mpaka pale, na paliposalia palikuwa kama kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwambie baba," alisema polepole, "turudi tu."

Nilikuwa na mikono miwili mizima na sikujua pa kuiweka. Nimefundisha somo la mila na jamii, nimewahi hata kuwaambia wanafunzi kwamba mila hubadilika. Nawaambia sasa kwamba haikubadilika pale.

Kule juu mtani alijishika kiuno. "Nyie Wanyamwezi mmeshindwa? Haya. Mimi ni mtani, kwenye msiba wenu nalala kwenye jeneza na hakuna wa kunitoa. Huyu mwanamume nimemchukua. Si mkwe tena. Kuanzia sasa ni punda wangu. Punda ana mkwe?"

Mama mkwe alichora mchanga kwa fimbo.

"Nakuuliza wewe! Punda ana mkwe?"

"Hana," alisema mama mkwe.

"Basi panda punda wangu, nimekuazima. Wewe punda, inama."

Nikainama, mikono na magoti chini, uso ukitazama mchanga.

"Kwanza alie," akasema mtani. "Punda asiyelia nitajuaje kama ni punda? Labda ni mkwe amejificha."

Nilimwambia hilo si lazima. Alisema ni lazima. Nilingoja mama mkwe anitetee, maana ni mtu wa haki. Kutoka nyuma yangu nikasikia, ikiwa imeelekezwa kwa mtini, sauti ya upole: "Kama ndio utaratibu, basi alie."

Nikalia. Mara ya kwanza ilitoka ya aibu, nikaambiwa huyo ni mbuzi. Ya pili niliiachia kutoka kwenye shahada ya tatu, ikaenda ikagonga korongo na kurudi. Ndipo mguu mmoja ukakanyaga mgongo wangu, kisha wa pili, uzito ukahama, mtani akavuta huku akitukana ukoo mzima kuanzia Tabora, na mgongo wangu ukawa mwepesi ghafla. Mama mkwe alikuwa juu.

Nilikuwa bado nimeinama nikitafuta pumzi nilipoona makubadhi ya matairi mbele ya pua yangu. Mfugaji alikuwa amepanda mbio.

"Nimesikia punda," alisema.

"Ndiye huyo," alijibu mtani. "Wako?"

Mfugaji alinitazama kwa makini, kwa heshima ya mtu aliyesafiri kwa ajili hiyo. "Hapana," alisema. "Wangu analia vizuri zaidi."

Alishuka. Mimi nikapanda, nikiwa na hamu kubwa ya kuangalia kitu kingine.

Mama mkwe alikuwa amesimama barazani, pale ambapo Mgiriki alikuwa akikaa. Nilikaa mbali, lakini niliona alichokuwa anakiona: mashamba ya mahindi, mabati ya kambi ya zamani, halafu kilima kingine kinene kimeziba kila kitu. Hapakuwa na reli. Hapakuwa na kona wala stesheni. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Akakaza macho kama vile kilima kile kingejisikia vibaya na kupisha.

Nilimtazama mtani. Huu ndio ulikuwa ushindi wake alioungoja tangu usichana. Alikuwa ameshika kipande cha khanga iliyochanika, anakikunja na kukikunjua.

"Miti imekua, dada," alisema. "Zamani hapakuwa na miti."

"Kile si mti," alisema mama mkwe. "Kile ni kilima."

Nilianza kupanga maneno ambayo ningempa mtani ampe yeye, kuhusu kumbukumbu na jinsi wazee walivyopenda kupamba. Yalikuwa maneno mazuri sana na nashukuru sikuwahi kuyatoa. Mama mkwe aliipiga saruji ya baraza kwa fimbo.

"Hivi mimi nina akili?" alisema. "Mchota maji angekaa barazani kwa Mgiriki afanye nini?"

Akageuka. Alipita katikati ya nyumba isiyo na paa, akaukwepa mtini, akatokea nyuma palipokuwa jiko, bado kuta zake nyeusi kwa moshi. Nje ya jiko palikuwa na jukwaa dogo la mawe, la kutua madebe. Kisha tukamsikia anaita.

"Punda! Njoo uone!"

Ni neno la kwanza aliloniambia moja kwa moja maishani. Nikaenda mbio.

Alikuwa ameketi juu ya lile jukwaa. Kutoka hapo, kati ya vilima viwili, reli ilichomoza kwenye kona, ikanyooka, ikapita mto, ikaenda mpaka kwenye mapaa ya stesheni. Yote ilikuwa wazi. Tulingoja, lakini hapakupita treni. Mtani alisema hiyo ni kwa sababu siafu ameenda kukata tiketi, na mama mkwe akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa khanga.

"Alikuwa anapumzika hapa," alisema, safari hii bila kumwambia mtu yeyote.

Kushuka nililia tena mara moja, kwa utaratibu.

Nyumbani sheria zilirudi mahali pake. Nilipoingia sebuleni, mama mkwe alikumbuka kitu jikoni. Jioni mke wangu, aliyerudi Mvumi na hesabu za harusi kichwani, aliniletea ugali na kuku kwenye sinia. Pembeni ya bakuli palikuwa na fungu la majani mabichi ya mahindi, yameoshwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha khanga.

"Mama anasema haya ni yako," alisema mke wangu. "Nimemuuliza ya nini, anacheka tu. Mmefanya nini kule juu?"

Nyuma ya pazia la jikoni palikuwa kimya, kimya cha watu wawili waliobana pumzi. Nilinawa mikono, nikachomoa jani moja, nikalitafuna lote.