Pikipiki Iliyovuka Ziwa Imesimama

Mume wangu aliendesha pikipiki tangu kabla hajanioa mpaka magoti yalipomkatalia. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka jikoni hadi verandani, na hata hiyo nilipumzika njiani. Lakini miaka ya tisini, alipokuwa mwenyekiti wa chama cha waendesha pikipiki Kisumu, nilimuunga mkono kwa nguvu zote, nikiwa kwenye kiti changu.

Kilichomsumbua ni boti kubwa ya Luanda Kotieno, ya kuvuka kwenda Mbita. Pale pikipiki ilihesabiwa kuwa mzigo, na mzigo ulilazwa. Ikilala, petroli inamwagika. Ukifika ng'ambo inakohoa tu. Mwanachama mmoja, muuguzi, alikuwa akisukuma yake hadi zahanati huku barafu ya chanjo ikiyeyuka.

Mume wangu alienda kumsihi nahodha mara nyingi, kwa upole, na tai shingoni. Siku moja akanishawishi niandamane naye, kwa ahadi ya samaki, ngege wa kukaanga.

"Bwana mwenyekiti," nahodha akasema, "kitu haina milango ni mzigo. Mzigo inalala."

"Na ikikaliwa na abiria?"

"Nani atakaa hapo mpaka Mbita? Mawimbi itamtupa."

Mume wangu akanigeukia. "Huyu mama amekaa tangu nimuoe. Hata mimi sijaweza kumtoa."

Wauza dagaa wa omena waliokuwa wakingoja boti walicheka mpaka wakaweka beseni chini. Nilitaka kukasirika, ila alikuwa amesema kweli. Nahodha akakubali tujaribu; vijana wake wakaisimamisha pikipiki yetu, wakaifunga kwa kamba kila upande, nami nikapanda, kikapu mapajani.

"Ikianguka," nahodha akatuonya, "hiyo maneno imeisha. Zote zitalala."

Kwa hiyo kichefuchefu kiliponishika katikati ya ziwa, sikuinama. Mume wangu alisimama kando, mkono kwenye usukani, akininong'oneza kila wimbi kabla halijafika. Nilielewa kwa nini watu wazima walimfuata mtu huyu kwenye mvua.

Tulipofika Mbita, nahodha alinitazama juu mpaka chini. "Sawa, zisimame. Lakini wengine muongeze kamba. Si kila mtu ako na mama kama huyu."

Wiki iliyofuata muuguzi alivuka, akapiga teke moja, injini ikawaka, akaenda zake. Mume wangu alirudi na habari hiyo akiwa na furaha ya mtoto, akasema chama kinataka kunipa cheo. Nilikubali, mradi mikutano ifanyike verandani.