Daftari la Kuanguka

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, siku ya kupima kahawa, kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto kilianza kucheza chenyewe. Saa hiyo naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika kwenye stakabadhi. Nilikitazama kidole kama cha mtu mwingine. Mkono ukafuata, mdomo ukavutwa upande, nikaanguka chini ya mizani.

Mpaka asubuhi ile nilikuwa mzima. Nilikuwa karani wa mizani wa chama chetu cha msingi cha ushirika, huku kijijini Ruanda, wilaya ya Mbinga. Niliishia darasa la saba; mengine nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima parokiani. Kwa kitabu nilijifunza kupogoa mibuni, na kwa kitabu nilifuga nguruwe saba. Kitabu kilisema wafungiwe bandani. Niliona wakizurura wanajitafutia chakula wenyewe, nikawaacha.

Nilipozinduka nilikuwa nimejikojolea, ulimi umekatika, damu imeganda shavuni. Watu walikuwa wamenizunguka kwa mbali. Hakuna aliyenigusa. Kwetu aliyeanguka kifafa haguswi hadi povu likauke, maana inasemekana povu ndilo linaloambukiza.

"Karani," mmoja aliniita, "ulipunguza kilo za nani?"

"Mizani imemlipa," mwingine akajibu, wakacheka.

Nyumbani nilitengewa bakuli na kikombe. Mke wangu Agnesi alilia akivitenga, lakini alivitenga. Binti yetu Fotunata, mwenye miaka kumi, alihamisha kigoda chake akaja kukaa kwangu.

"Baba, ukila peke yako utamaliza mboga yote," alisema, akachovya tonge bakulini mwangu. Sikumfukuza.

Nilifungua daftari. Kila nilipoanguka niliandika saa, mahali, kiungo kilichoanza, na muda kadiri Agnesi alivyoukisia. Kila mara kilianza kidole gumba cha kushoto. Niliungua paja jikoni, nikavunjika meno mawili ya mbele. Chama nacho kilikuwa kinakufa. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao na mizani yao, wakalipa taslimu mlangoni. Karani anayeanguka hakuhitajika tena.

Niliteremka hadi hospitali ya misheni ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mganga wa pale alinipa vidonge, nikavimeza miezi minane. Kuanguka kulipungua, hakukuisha. Nikaona vidonge ni kazi bure. Mganga alisoma daftari langu akasema, "Kinachoanzia kidole kimoja kila mara kina mahali pake kichwani. Nenda Dar es Salaam. Kuna daktari anayepasua ubongo."

Kabla sijaondoka, Fotunata naye alianguka, akichota maji. Kijiji kizima kilijua sababu: bakuli langu. Mimi pia niliamini hivyo. Kila alipokaa karibu nami wakati wa chakula, nilitamani nisiwepo.

Niliuza kahawa yote na nguruwe wote. Fedha zilitosha nauli na matibabu ya mtu mmoja.

"Aende mtoto," alisema Agnesi.

"Nani atampeleka? Nikipona mimi nitalima, kisha nitampeleka."

"Basi mnunulie vile vidonge, Baba Fotunata. Mjini vipo."

"Havikuniponya mimi. Ni kutupa fedha."

Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha piga hesabu.

Fotunata aliniletea daftari. "Umeandika na za kwangu?"

"Nimeandika. Zako zina herufi F."

"Mwoneshe daktari. Usimwoneshe zako tu."

Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye maneno machache. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka mingi kutibu wanaotetemeka na wanaoanguka, akarudi akakuta vifaa nusu. "Wengi hunifikia wameshaungua," aliniambia. Picha ya kichwa changu ilionesha kifuko cha maji upande wa kulia, na ndani yake mnyoo.

"Unafuga nguruwe?"

"Nilifuga, daktari."

"Wanazurura?"

"Ndiyo."

"Choo kipo?"

"Tunakwenda migombani."

Akanieleza. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hubeba tegu, mnyoo mrefu bapa, tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, nguruwe hula, nasi huyameza kwa mikono michafu, maji na mboga. Yakianguliwa, minyoo michanga inaweza kupanda hadi kichwani. Si povu. Si bakuli. Kwa dakika moja nilifarijika. Kisha niliwakumbuka nguruwe wangu saba.

Akafunua daftari. "Na huyu F ni nani?"

"Binti yangu."

"Kwa ninavyosoma hapa, huenda huyu asihitaji kisu. Akapimwe uzito kule kule ziwani, apewe vidonge vyake, asikose hata siku moja. Na asiachwe peke yake karibu na moto wala maji."

Alinipasua nikiwa macho, ngozi imetiwa ganzi. Nilisikia msumeno mfupani na harufu ya kwato zinazoungua.

"Cheza kidole gumba," alisema. "Tena."

Kilicheza kwa amri yangu. Sijaanguka tangu siku ile.

Nilikaa wiki tano nikila mlo mmoja kwa siku, ili niweke akiba ya vidonge vya Fotunata. Niliporudi, Agnesi alikuwa kizingitini. Hakuinuka.

"Tumemzika, wiki ya pili sasa."

Alikuwa ameanguka kifudifudi kwenye ngoro, yale mashimo tunayoyalimia miteremkoni ili mvua isibebe udongo. Maji yalikuwa na kina cha kiganja. Wanawake wawili walikuwa wakipalilia jirani. Mmoja alikuja kunipa pole.

"Tulimwona, Karani," alisema. "Tulisubiri povu likauke."

Namshukuru Mungu, na mikono ya daktari yule. Namshukuru Agnesi, ambaye hajawahi kunirudishia maneno yangu. Ninyi mnaosoma, chimbeni choo, fungieni nguruwe, nyama iive hadi ndani. Kidonge kinachopunguza ni dawa, usikiache. Ukimwona mtu ameanguka, mwinue uso, mlaze ubavu, mshike. Povu ni mate.

Daftari bado ninalo. Mistari ya F ni kumi na mmoja. Nyuma yake nimebandika bahasha ya akiba ya vidonge, ambayo sijaifungua. Ndani mna shilingi elfu kumi na saba na mia nne.