Mgeni Aliyekula Jua

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye kioo cha moto haifanani na ya ndagala mchangani. Ina utamu wa mafuta yanayoanza kuungua. Juzi niliinusa sokoni Rumonge, mwanamke mmoja alipokuwa ameanika zake juu ya kioo cha gari bovu, nikasimama nikamtazama.

Nilikuwa na miaka tisa baba aliponunua paneli ya sola. Kabla ya hapo taa za mtumbwi wake, zile za kuwavuta ndagala usiku, zilikula mafuta ya taa, na nyumba yetu nzima ilinuka mafuta hayo. Sasa paneli ililala uani mchana kutwa ikijaza betri, nami nikapewa kazi ya kuilinda, kuku wasiikanyage. Baba aliiita mgeni.

"Zaina, usimuzibie mugeni jua. Iko anakula."

Siku moja mvua ya asubuhi iliulowesha mchanga. Mama alikuwa ameniachia beseni la ndagala nianike, na ndagala wasipokauka siku hiyo huoza. Niliigusa paneli: moto. Nikafikiri jua ni kubwa, litawatosha wote. Nikawatandaza juu yake mmoja mmoja, na hadi alasiri walikuwa wamekauka. Nikawaondoa, nikajiona mwerevu.

Jioni alikuja baba mdogo Hamisi, aliyevua pamoja na baba, kuchukua betri. Hakupita bila kunitania.

"Zaina, mugeni wetu amekula?"

"Ameshiba sana!"

"Kukushinda weye?" Akacheka, akaiweka betri begani, akashuka ziwani.

Taa zilizimika wakiwa mbali na pwani. Mtumbwi mwingine, ukija kasi gizani, haukuwaona, ukawagonga. Asubuhi baba alirudi peke yake. Mwili wa Hamisi uliokotwa ufukweni Magara siku ya tatu.

Baada ya mazishi, uani kwetu, bibi aliyewazaa wote wawili alimnyooshea baba kidole mbele ya watu. "Ulinunua batiri ya bei ya chini, ukaniulia mutoto."

Baba alikuwa amechuchumaa kando ya paneli, akibandua kitu kwa ukucha, kidogo kidogo, na kukifuta kwenye shati lake.

"Ni kweli, mama," alisema. "Batiri ilikuwa mubaya."

Nilimwamini. Usiku huo nililala fofofo.

Juzi pale sokoni, yule mwanamke alipokusanya ndagala zake, magamba yalibaki yameng'ang'ania kioo, madogo, ya rangi ya fedha. Akainama, akaanza kuyabandua kwa ukucha.

Baba amekwisha kuzikwa. Sina wa kumwambia kwamba sasa najua. Bibi alimtangulia. Mpaka anakufa hakukubali tena baba amnawishe mikono kabla ya kula. Aliniita mimi. Baba alinikabidhi birika, akarudi kuketi karibu na mlango, nami nikammiminia bibi maji.