Sikupiga Simu

Kazi yangu gerezani ni kutafuta familia za wafungwa, na sehemu yake moja naichukia: kuwaambia kwamba mtu wao amefia mikononi mwetu. Niliwahi kuifanya kwa simu, mara moja tu. Nikasikia simu ikianguka upande wa pili, kisha sauti za kuku, kisha kimya. Nikaapa sitarudia.

Kwa hiyo mfungwa mmoja, kijana wa Mau Narok, alipofariki hospitalini kwa nimonia, na mkubwa wangu akasema nimpigie chifu yaishe, nilikataa.

"Afande, huyu ana mama."

Akanitazama kana kwamba nimeomba likizo. Niliondoka Nakuru kwenda kwao asubuhi hiyo hiyo.

Kosa langu lilikuwa sare. Niliivaa kwa heshima ya marehemu, nikaipiga pasi mpaka kola. Nilisahau kwamba kule sare ikionekana, imekuja kumchukua mtu. Mwenye duka hamjui huyo mama. Mzee wa kanisa hamjui. Mwanamke aliyekuwa akichimba viazi kando ya barabara alinijibu bila kuinua kichwa, "Huyo alihamia Bahati, madam. Kitambo sana."

Nilishikwa na hasira, nakiri. Nina maiti mochari, na kijiji kizima kinanizungusha. Lakini kurudi mikono mitupu, singerudi. Nikavua kofia na sweta ya kazi, nikaziweka juu ya rundo la viazi, nikaingia shambani na buti zangu zilizong'aa. Nikaanza kuokota viazi nyuma ya yule mwanamke. Tulimaliza mstari mzima bila neno. Mwishowe akakaa juu ya gunia.

"Ametoroka?" akauliza.

Hapo ndipo nilipomjua. Uso wake ulikuwa na furaha, furaha kabisa, ya mtu aliye tayari kunidanganya mpaka jua lizame ili mwanawe afike mbali. Niliumia kuiona.

"Hapana, mum," nikasema, nikamshika mikono yote miwili, yangu ikiwa na udongo kama yake. "Hakutoroka."

Akatazama kofia yangu pale juu ya viazi, akaichukua, akaipangusa kwa leso yake.

"Basi vaa kofia yako," akasema. "Uniambie vile ulitumwa."

Nikaivaa, nikamwambia.